Octavia Butler: Mtoto wa mfanyakazi wa ndani aliyewafungulia weusi mlango wa kesho

Na Mwandishi Wetu

FEBRUARI 18, 2021 chombo cha Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA), kiitwacho Perseverance, kilitua salama juu ya vumbi jekundu la sayari ya Mirihi, ambayo wengi huijua kwa jina la Mars. Wiki mbili baadaye, Machi 5, shirika hilo lilitangaza kuwa mahali kilipotua pamepewa jina la mtu aliyekuwa amefariki dunia miaka 15 kabla.

Mtu huyo hakuwa mwanaanga, mhandisi wala rais. Alikuwa mwandishi wa riwaya, Octavia Estelle Butler, mwanamke mweusi wa jimbo la California, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani na baba yake mpiga rangi viatu.

Kwa wasomaji wake, heshima hiyo ilikuwa na maana ya pekee. Safari ya Butler katika uandishi ilianzia Mirihi vilevile, ingawa ilikuwa Mirihi ya kwenye televisheni, tena katika filamu mbaya iliyomfanya msichana wa miaka 12 aamini kwamba angeweza kutunga kitu bora zaidi.

Haya ni maisha ya mwanamke aliyeingia katika fani iliyokuwa na nafasi ya kila aina ya kiumbe, roboti na majitu ya sayari za mbali, lakini haikuwa na nafasi ya mtu kama yeye. Hakusubiri kukaribishwa. Alijiandika mwenyewe ndani yake.

Mlango wa nyuma

Butler alizaliwa Juni 22, 1947 katika mji wa Pasadena, jirani na Los Angeles. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake, Laurice, alifariki binti huyo akiwa bado mdogo, hivyo akalelewa na mama yake, Octavia Margaret, pamoja na bibi yake, katika nyumba iliyofuata kwa ukali maadili ya Kanisa la Kibaptisti.

Mama huyo hakupata elimu ya kutosha, kwa kuwa alitolewa shule akiwa mtoto ili afanye kazi. Maisha yake yote yalikuwa ya kufagia, kufua na kupika katika nyumba za Wazungu wenye uwezo.

Kuna siku alilazimika kwenda kazini na bintiye. Hapo ndipo mtoto alipomwona mama yake akiingia kwa mlango wa nyuma, na kuwasikia waajiri wakimsema vibaya mbele yake kana kwamba hana masikio.

Mtoto aliona aibu. Aidha, alimkasirikia mama yake kwa kukubali kudharauliwa. Ilimchukua miaka mingi kutambua kwamba chakula alichokula na paa lililomsitiri vilitokana na uvumilivu huo huo aliouonea aibu. Fundisho hilo lilikuja kuwa moyo wa kitabu chake mashuhuri kuliko vyote.

Hata hivyo, mlango huo wa nyuma ulileta pia neema. Mama alikuwa akirejea nyumbani na vitabu na magazeti yaliyotupwa na waajiri wake, mengine yakiwa yamechanika au kuchorwachorwa na watoto. Vyote alivibeba, akaviweka mbele ya bintiye.

Shuleni mambo yalikuwa magumu. Butler alikuwa mrefu kupita wenzake wote, mwenye haya, na alikuwa na tatizo la kusoma lijulikanalo kitaalamu kama disleksia. Wenzake walimcheka na walimu wengine wakamwona mvivu. Kimbilio lake likawa maktaba ya mji wa Pasadena, alikogundua magazeti yaliyochapisha hadithi za kubuni za kisayansi.

Alipofika umri wa miaka 10 alimsihi mama yake amnunulie taipureta. Kwa kipato cha mfanyakazi wa ndani, hilo lilikuwa ombi zito, lakini mama alinunua mashine aina ya Remington, na mtoto akaanza kudonoa herufi moja moja.

Filamu mbaya, uamuzi mzuri

Akiwa na umri wa miaka 12, Butler alitazama kwenye televisheni filamu ya Kiingereza iliyotengenezwa mwaka 1954, Devil Girl from Mars. Ni kisa cha mwanamke wa Mirihi aliyevaa mavazi meusi anayeshuka katika nyanda za Scotland kutafuta wanaume wa kwenda kuendeleza kizazi cha sayari yake.

Filamu hiyo ilimkera. Kwa masimulizi yake ya baadaye, alipitia hatua tatu za mawazo: kwamba yeye angeweza kuandika hadithi bora kuliko ile, kwamba mtu yeyote angeweza, na kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa fedha kwa kuiandika. Alizima luninga, akaanza kuandika. Mbegu za riwaya zake za kwanza zilitoka katika daftari za wakati huo.

Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ilikuwa njia ya maisha. Mmoja wa wanawake wa ukoo wake, aliyemtakia mema, alimweleza kwamba watu weusi hawawezi kuwa waandishi. Hakuwa na nia ya kumvunja moyo. Butler alikuwa na miaka 13, na kufikia hapo hakuwahi kusoma kitabu chochote alichojua kuwa kimeandikwa na mtu mweusi.

Hata hivyo, mwalimu wake wa sayansi alikubali kumpigia chapa hadithi yake ya kwanza ili aipeleke kwa wachapishaji.

Uhuru uliopanda angani

Butler alimaliza sekondari mwaka 1965. Mwaka uliofuata, Septemba 8, televisheni ya NBC ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek, unaohusu safari za chombo cha anga katika karne ya 23. Katika chumba cha uongozaji alikaa mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana kuhusu jina hilo. Linatokana na neno uhuru, na katika baadhi ya vipindi mhusika huyo alisikika akizungumza Kiswahili. Wakati bendera za mataifa mapya ya Afrika zilikuwa bado mbichi, neno lililopigiwa kelele katika viwanja vya Dar es Salaam na Nairobi lilikuwa limepanda chombo cha anga.

Lilikuwa jambo kubwa. Televisheni ya Marekani ilikuwa imezoea kuwaonyesha wanawake weusi wakiwa na aproni jikoni, kazi ile ile ya mama yake Butler. Nichols alipofikiria kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Dk Martin Luther King alimsihi asiondoke, kama mwigizaji huyo alivyosimulia mara nyingi hadi kifo chake Julai 2022.

Pamoja na hayo, kumpa mtu mweusi kiti katika kesho iliyobuniwa na wengine ni jambo moja, na kumpa kalamu ni jambo jingine. Uhura alikuwepo, lakini mara nyingi kazi yake iliishia kupokea na kutuma ujumbe, na maamuzi yalitoka kwenye kiti kingine.

Kwenye vitabu na magazeti ya fani hiyo hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1967, mwandishi kijana mweusi, Samuel R. Delany, alipeleka riwaya yake Nova kwa John W. Campbell, mhariri mwenye sauti kubwa katika fani hiyo. Kwa mujibu wa Delany, mhariri alikiri kuwa kazi ilikuwa nzuri, ila akaikataa kwa hoja kwamba wasomaji wa gazeti lake hawakuwa tayari kwa shujaa mweusi.

Wiki sita za Clarion

Butler alisoma Chuo cha Pasadena City, akapata stashahada mwaka 1968. Akiwa hapo alishinda shindano la hadithi fupi na kulipwa Dola 15, fedha zake za kwanza kutokana na kalamu.

Baadaye alijiunga na mafunzo yaliyoandaliwa na chama cha waandishi wa filamu kwa ajili ya vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwalimu wake mmoja, mwandishi Harlan Ellison, aliona kipaji ambacho hakikuwa cha kuandikia filamu, akamsukuma aende katika warsha ya waandishi wa hadithi za kisayansi iliyokuwa ikifanyika katika mji mdogo wa Clarion, jimbo la Pennsylvania.

Alikwenda mwaka 1970. Kwa wiki sita, msichana yule mwenye haya aliishi miongoni mwa wageni, akiandika na kukosolewa hadharani. Delany alikuwa mmoja wa walimu wake. Alirejea nyumbani akiwa ameuza hadithi mbili, akaamini milango imefunguka.

Haikuwa imefunguka. Hadithi moja, Crossover, ilichapishwa mwaka 1971. Ile ya pili, Childfinder, ilinunuliwa na Ellison kwa ajili ya mkusanyiko ambao haukutoka kwa miongo kadhaa. Hadithi hiyo ilikuja kusomwa na umma mwaka 2014, wakati mtunzi wake alikuwa kaburini.

Ilifuata miaka mitano bila kuuza hata neno moja. Butler aliosha vyombo, akauza bidhaa kwa njia ya simu, akafanya kazi ya kukagua krispi za viazi. Alichagua kwa makusudi kazi zisizochosha akili. Saa nane za usiku aliamka, akaketi mbele ya taipureta, na kulipokucha akaenda kibaruani.

Mwaka 1976 kampuni ya Doubleday ilichapa riwaya yake ya kwanza, Patternmaster. Ilifuatiwa na Mind of My Mind mwaka 1977 na Survivor mwaka 1978.

Hii ya tatu aliichukia baadaye kiasi cha kukataa isichapwe tena. Kwa kejeli, aliiita riwaya yake ya Star Trek. Hakupendezwa na mtindo, uliozoeleka kwenye televisheni na vitabu, wa watu wa dunia kufika sayari nyingine, kukuta wenyeji wanaofanana na makabila ya kale ya kwenye hadithi za wakoloni, na mara kupata watoto nao. Alijilaumu kwa kuurudia mtindo huo.

Wenyeji wote isipokuwa weusi

Katika makongamano ya mashabiki, Butler alikuwa mara nyingi mmoja wa weusi wachache sana ukumbini. Kwa muda mrefu majina ya waandishi weusi wa fani hiyo nchini Marekani yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na la mwanamke lilikuwa lake.

Mwaka 1980 alichapisha makala kuhusu hali hiyo. Alieleza jinsi mwalimu mmoja wa chuo alivyowashauri wanafunzi wasiweke wahusika weusi ila pale ambapo weusi wao ni lazima kwa kisa, kwa madai kwamba wangevuruga mwelekeo wa hadithi. Alieleza pia hoja aliyoisikia katika kongamano, kwamba masuala ya rangi yanaweza kujadiliwa kwa kutumia viumbe wa sayari nyingine badala ya watu weusi.

Butler alikuwa na jibu jepesi. Watu weusi wapo duniani, wanaishi, wanapenda na wanagombana kama wengine. Alikumbusha kuhusu filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, iliyojaza kila umbo la kiumbe lililoweza kubuniwa, huku binadamu waliomo wakiwa wa aina moja tu.

Yeye hakuandika kwa hasira wala kwa mahubiri. Wahusika wake weusi walikuwa na tamaa, woga, makosa na akili. Katika Wild Seed ya mwaka 1980, mhusika mkuu ni Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo wa karne ya 17 mwenye uwezo wa kuponya na kubadili umbo. Butler alimchora baada ya kusoma maktabani simulizi za Atagbusi, mganga wa kale wa Onitsha, nchini Nigeria.

Kurudi utumwani

Kitabu kilichompeleka mbali zaidi kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla. Ni Kindred, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Ndugu wa Damu.

Chanzo chake kilikuwa kauli aliyoisikia chuoni. Kijana mmoja aliyeshabikia harakati za weusi aliwalaumu wazee wa vizazi vilivyotangulia kwa unyonge wao mbele ya Wazungu, akiona wamewarudisha nyuma wenzao kwa muda mrefu. Butler alimkumbuka mama yake na ule mlango wa nyuma. Aliona kuwa kijana huyo alijua tarehe za historia, ila hakujua uzito wake.

Ndipo akatunga kisa cha Dana, mwandishi mweusi wa Los Angeles mwaka 1976, ambaye ghafla anavutwa na nguvu asiyoijua hadi katika shamba la watumwa jimboni Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19. Anavutwa kila wakati maisha ya Rufus, mtoto wa bwana shamba, yanapokuwa hatarini. Ni lazima amwokoe, kwa kuwa Rufus ni babu wa ukoo wake. Akifa mapema, Dana hatazaliwa.

Awali Butler alikusudia mhusika mkuu awe mwanamume. Alibadili baada ya kuona kwamba mwanamume mweusi wa kisasa, mwenye kutazama watu usoni, asingeishi muda mrefu katika shamba lile. Ili kuandika, alipanda basi kutoka California hadi Maryland, akasoma masimulizi ya waliokuwa watumwa, akatembelea Mount Vernon, shamba la Rais George Washington.

Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada, wasijue waupange katika rafu gani, kabla haujachapwa na Doubleday mwaka 1979. Butler mwenyewe hakukihesabu kitabu hicho kuwa cha kisayansi, kwa kuwa hakuna mashine wala maelezo ya kitaalamu yanayomrudisha Dana nyuma. Leo kinasomwa katika shule na vyuo vingi vya Marekani.

Rangi iliyofutwa kwenye jalada

Miaka ya 1980 ilileta tuzo. Hadithi yake Speech Sounds ilishinda tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kura za mashabiki wenyewe, mwaka 1984. Mwaka uliofuata Bloodchild ilitwaa Hugo na Nebula.

Hata hivyo, kutambuliwa huko hakukumaliza tatizo. Mwaka 1987 ilitoka riwaya ya Dawn, ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu. Mhusika mkuu ni Lilith Iyapo, mwanamke mweusi anayeamshwa ndani ya chombo cha viumbe wa ajabu, miaka 250 baada ya vita vya nyuklia kuiangamiza dunia, ili awaandae binadamu waliosalia kuanza upya.

Kwenye jalada la toleo la awali, Lilith alichorwa akiwa mwanamke wa Kizungu.

Msomaji aliyekuwa ameshika kitabu hicho dukani asingejua kuwa ndani yake mwanamke mweusi ndiye mama wa kizazi kipya cha binadamu. Kijana mweusi aliyekuwa akitafuta kitabu chenye mtu wa sura yake angekipita. Matoleo ya baadaye yalirekebisha kosa hilo, lakini jalada la mwaka 1987 limebaki kuwa mfano unaotajwa sana kila mjadala wa aina hii unapozuka.

Shabiki asiyekuwepo

Katika miaka ya 1950, mashabiki kadhaa wa Kizungu wa hadithi za kisayansi walimbuni shabiki mweusi, wakampa jina la Carl Brandon. Waliandika makala kwa jina lake katika vijarida vya mashabiki, na wasomaji wengi wakaamini kuwa yupo. Kwa maneno mengine, mmoja wa mashabiki weusi waliojulikana sana wa zama hizo hakuwahi kuzaliwa.

Mwaka 1999, baada ya makala ya Delany kuhusu ubaguzi wa rangi katika fani hiyo kuzua mjadala, waandishi na mashabiki wasio Wazungu waliokutana katika kongamano la WisCon mjini Madison, jimbo la Wisconsin, waliunda chama chao. Wakakiita Carl Brandon Society. Jina la mtu wa kubuni likawa nyumba ya watu halisi.

Televisheni nayo ilikuwa imeanza kujitazama. Februari 1998, mchezo wa Star Trek: Deep Space Nine, ulioongozwa na nahodha mweusi aliyeigizwa na Avery Brooks, ulionyesha kipindi kuhusu mwandishi mweusi wa New York ya miaka ya 1950. Mwandishi huyo anatunga hadithi ya nahodha mweusi wa kituo cha anga, na gazeti lenye hadithi hiyo linaharibiwa lote kabla ya kuuzwa. Waliojua yaliyompata Delany hawakuhitaji ufafanuzi.

Sauti ya onyo

Mwaka 1995 Butler alipata tuzo ya Taasisi ya MacArthur yenye thamani ya Dola 295,000. Alikuwa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kuipata. Mama yake alishuhudia siku hiyo, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1999 Butler alihamia jimbo la Washington, kaskazini mwa jiji la Seattle.

Wakati huo alikuwa akishughulikia kazi iliyomfanya baadaye aitwe mtabiri, sifa ambayo hakuitaka. Katika Parable of the Sower ya mwaka 1993, msichana mweusi, Lauren Olamina, anaandika shajara kuanzia mwaka 2024. California imekauka, moto unateketeza vitongoji, maji yanauzwa ghali, na watu wanatembea kwa miguu kuelekea kaskazini kutafuta uhai.

Mwendelezo wake, Parable of the Talents, ulitoka mwaka 1998 na kushinda Nebula. Humo anatokea mwanasiasa anayeahidi kuirejeshea Marekani ukuu wake huku wafuasi wake wakiwachoma moto wasiofanana nao.

Butler alieleza kuwa hakutabiri lolote. Alisoma habari za kila siku, akajiuliza mambo yatafika wapi yakiachwa yaendelee. Januari 2025, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, kitongoji kilicho jirani na Pasadena ambako amezikwa, na wasomaji wake wengi walirudi kwenye kurasa hizo.

Riwaya yake ya mwisho, Fledgling, ilitoka mwaka 2005. Februari 24, 2006 alianguka nje ya nyumba yake huko Lake Forest Park na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 58. Hakuolewa, wala hakuacha mtoto. Aliacha riwaya 12.

Waliopita mlango aliouacha wazi

Mwaka huo huo Carl Brandon Society ilianzisha ufadhili kwa jina lake, wa kuwalipia waandishi chipukizi wasio Wazungu kwenda katika warsha ya Clarion, pale pale alipoanzia.

Kati ya mwaka 2016 na 2018, N.K. Jemisin, mwanamke mweusi anayemtaja Butler kuwa mmoja wa waliomtangulia, alitwaa tuzo ya Hugo ya riwaya bora mara tatu mfululizo. Hakuna mwandishi mweusi aliyewahi kushinda katika kundi hilo kabla yake.

Si kila shabiki aliyafurahia mabadiliko hayo. Mwaka 2015 baadhi yao walipanga kura kwa pamoja kupinga kile walichokiona kuwa ni siasa ndani ya tuzo hizo. Mei 2022, mwigizaji mweusi Moses Ingram alishambuliwa kwa ujumbe wa matusi ya ubaguzi mara tu alipoonekana katika mchezo wa televisheni wa Obi-Wan Kenobi. Watu wanaokubali majoka na upanga wa mwanga walishindwa kumkubali mwanamke mweusi.

Kindred nayo ilifika kwenye televisheni Desemba 13, 2022, miaka 43 baada ya kitabu kutoka, Mallori Johnson akiigiza kama Dana. Ilionyeshwa kwa vipindi vinane. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye ikasitishwa, na kisa kikaachwa njiani, Dana akiwa bado hajamalizana na shamba la Maryland.

Miongoni mwa karatasi za Butler zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Huntington, jirani na Pasadena, kuna daftari la mwaka 1988. Humo alijiandikia nadhiri kwamba vitabu vyake vingeingia katika orodha ya vinavyouzwa zaidi, na kwamba angewasaidia vijana maskini weusi kwenda katika warsha za uandishi.

Alikufa nadhiri ya kwanza ikiwa haijatimia. Septemba 2020, miaka 14 baada ya mazishi yake, Parable of the Sower iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times. Nadhiri ya pili ilianza kutimia mwaka 2007, wanafunzi wa kwanza walipokwenda Clarion kwa ufadhili wenye jina la mtoto wa mwanamke aliyekuwa akiingia kazini kwa mlango wa nyuma.